Kabla ya kulipa ada, tukatazame wanafunzi wanavyoishi

Bwana Mhariri,

Kila mwaka majibu ya mtihani wa serikali yakishatoka, nyumba nyingi za Lubumbashi huingia katika mashauri yaleyale: mtoto aende chuo kikuu gani? Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari huku Katuba, na mara hii shauri limenikuta nyumbani kwangu. Binti yangu amepata diploma yake ya serikali, anataka kusoma sheria, na anasitasita kati ya vyuo viwili vya jijini humu. Nilipomwuliza kinachomsumbua ni nini, alinijibu, "Papa, nataka kwanza nijue wanafunzi wa pale wanaishi namna gani." Shangazi yake alimkemea papo hapo: unaenda kusoma au unaenda kutafuta marafiki? Ninaandika barua hii kwa sababu ninaamini kwamba, kati yetu sote tuliokuwa barazani siku ile, mtoto ndiye aliyeuliza swali lenye uzito.

Tufikirie siku moja tu ya mwanafunzi anayelala huku kusini na kusoma upande wa pili wa jiji. Ili awahi kozi ya saa mbili asubuhi, anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, anapanda taksi-basi hadi katikati ya mji, anangoja nyingine, na jioni anarudia safari ileile, wakati wa masika akiwa amelowa mpaka kwenye madaftari. Anafika saa moja usiku, maji hayajachotwa, umeme umekatika. Tangu mfumo wa LMD, yaani wa lisansi, masta na doktora, uanze kutumika nchini, mwaka wa masomo huhesabiwa kuwa na krediti 60, na ndani ya krediti hizo zimo saa ambazo mwanafunzi anatakiwa kufanya kazi peke yake nje ya ukumbi wa mihadhara. Saa hizo atazifanyia wapi? Chuo kisicho na maktaba inayokaa wazi jioni, wala kivuli chenye benchi, kinamdai mwanafunzi kazi ambayo hakikumpa mahali pa kuifanyia.

Mimi nilisoma miaka ya 1980 na kulala bwenini, au homu kama tunavyosema hapa kwetu. Chumba kilikuwa cha watu wawili, tukalala watano. Wale watatu wasio na kitanda tuliwaita makizari. Maji tuliyabeba kwa bidoni hadi ghorofa ya tatu. Sitaki mtoto wangu apate shida ile, na sioni fahari yoyote ndani yake. Lakini mwenzangu wa chumba alitoka Kananga, kule Kasai, mimi nimezaliwa Kipushi, huku Katanga. Tulibishana juu ya masomo kwa Kifaransa, tukagombana juu ya chumvi ya sombe kwa Kiswahili, ambacho alikuwa amejifunza kwangu kwa muda wa miezi sita. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa humu Katanga, wengine wakalala majuma kwenye stesheni wakingoja treni, mimi sikuweza kumwita mtu yeyote mgeni, kwa kuwa nilikuwa nimekula bukari katika sahani moja na mmoja wao kwa miaka mitatu. Somo hilo hakuna profesa aliyenifundisha.

Jiji hili linayajua mambo hayo kuliko mengi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzishwa mwaka 1955. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vile vya Kinshasa na Kisangani kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, na fakulteti ya lugha na fasihi ikaletwa huku, hata vijana wa mikoa yote wakakutana katika kampasi ya Kasapa, hadi vyuo vilipotenganishwa tena mwaka 1981. Na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa palepale walipokuwa wakilala, jambo lililovunja hata ushirikiano wa nchi yetu na Ubelgiji. Mzazi anayeuliza ni nani analinda mabweni usiku haulizi mambo ya kitoto.

Basi Jumanne moja nilikwenda na binti yangu kuvitazama vyuo vyote viwili. Cha kwanza kina jengo safi na kompyuta mpya. Saa tisa alasiri mihadhara ilikwisha, mlinzi akasimama langoni na funguo mkononi, na baada ya robo saa uani hapakubaki mtu. Katika chuo cha pili rangi imebanduka ukutani, na vyoo vya wasichana havina komeo, jambo ambalo nililisema waziwazi kwa mhudumu tuliyemkuta. Lakini chini ya mwembe msichana mmoja alikuwa amechuchumaa, akigawa urithi mchangani kwa kijiti: robo tatu kwa watoto, robo inayobaki kwa mjane, wazazi na ndugu, kama Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inavyosema. Mwenzake alimkatiza, akafuta mstari mmoja kwa kiganja, akauchora upya. Binti yangu alisimama pale hadi wakamsogezea nafasi aketi.

Shangazi yake ana hofu ya pombe, ya wavulana, na ya namna wanafunzi wapya wanavyoteswa kwa jina la kuwakaribisha. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu nyingine ya kwenda kutazama kwa macho badala ya kusikiliza sifa za chuo redioni.

Ombi langu kwenu, Bwana Mhariri, ni kwamba kabla ya uandikishaji kufungwa gazeti lipeleke waandishi katika kila chuo cha jiji, cha serikali na cha binafsi, waulize na kuchapisha majibu: kuna vitanda vingapi na wanafunzi wangapi, maktaba inafungwa saa ngapi, maji yanapatikana wapi, na msichana aliyenyanyaswa ampelekee nani malalamiko yake. Sisi bado hatujalipa ada. Jumamosi tunarudi kwenye kile chuo cha pili saa kumi na mbili jioni, tuone kama taa za njiani zinawaka na kama zile komeo zimekwisha kuwekwa.

Mwalimu na mzazi,
Katuba, Lubumbashi