Barua kwa Kabula, kuhusu "be" uliyoiacha

Mwanangu Kabula,

Marahaba, mama. Salamu zako za Jumapili nilizipata, na bibi yako naye amezipata. Barua hii anakuletea mama mdogo, anayekuja Bukoba na MV Victoria. Ningeweza kukupigia, ila sarufi kwenye simu haielezeki. Unaniambia "nimeelewa mama" na mimi nasikia kabisa kwamba hujaelewa.

Ulipoondoka uliacha karatasi yako ya mtihani chini ya godoro. Sikupekua, nilikuwa naanika godoro. Swali lile la kugeuza sentensi ziwe kauli ya kutendwa umepata mbili kwa kumi. Mojawapo uliandika "The fish must wash", mwalimu akapiga mstari mwekundu akapita. Mimi nilicheka peke yangu chumbani, kwa sababu ulichoandika ni kwamba samaki lazima anawe. Nikamwona sangara amesimama bombani na sabuni.

Kosa lako nalijua lilikotoka. Kiswahili kimetudekeza. Sisi tukitaka kutendwa tunachomeka kaherufi kamoja tu mwishoni: osha, oshwa, pima, pimwa, kata, katwa. Neno ni lile lile, limebeba mzigo wote. Kiingereza hakina hiyo "w". Kinataka maneno mawili yatembee pamoja: "be", na nyuma yake kitenzi katika umbo la tatu, lile la safu ya mwisho kwenye jedwali mnalokaririshwa, kama "write, wrote, written". Kwa hiyo "lazima waoshwe" ni "must be washed", "wanaweza kuuzwa" ni "can be sold", "inapaswa kuandikwa" ni "should be written". Ukiiacha "be", samaki ananawa. Ukiiacha ile "-ed" ukaandika "must be wash", hapo hakuna kinachoeleweka.

Umewahi kuniuliza kwa nini ni "be" na si "is" au "are". Chukulia "can", "must", "may", "should" na wenzao kama mlango wa nyumba ya mtu mwenye mkeka mzuri. Kila kitenzi kinachoingia nyuma yao kinavua viatu. "Is", "are", "was" na "were" ni mtu mmoja aliyevaa viatu tofauti, akivivua anabaki "be". Awe samaki mmoja, wawe mia, ni "be" tu. Na usiweke "to" hapo katikati. Najua inakujia kwa sababu sisi tunasema "wanaweza KUuzwa", ile "ku" inakuvuta. Iache huku huku kwetu.

Hilo ni jambo la umbo, utalizoea kwa wiki moja. Linaloniamsha usiku ni lingine, na mimi lilinigharimu.

Mwaka wangu wa kwanza kule kiwandani, wewe bado unanyonya, nilikuwa kwenye kupokea samaki. Kila shifti ikiisha tunaandika daftari la makabidhiano, na linaandikwa kwa Kiingereza kwa sababu wakaguzi wa nje hulisoma. Bibi yako anakumbuka vizuri karatasi hizi zilikoanza kuwa kali: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria letu hili, Tanzania, Kenya na Uganda sote, kwa hofu kwamba kuna watu wanavua kwa sumu. Baada ya pale kitu kisichoandikwa kikawa kama hakikufanyika.

Basi usiku ule tulikuwa tumeshaosha kreti zote. Nilitaka kuwaambia wanaoingia wasijisumbue, si lazima zioshwe tena. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: "The crates must not be washed."

Asubuhi nikaitwa. Usiku huo huo paa lilivuja, maji machafu yakaingia kwenye kreti, na vijana wa shifti ya pili, walioona uchafu kwa macho yao, hawakuzigusa. Daftari limewakataza. Msimamizi akanigeuzia ukurasa, akaniuliza: "Mama Kabula, kwa nini umekataza kreti zisioshwe?" Nilikatwa posho ya siku hiyo, na nilistahili.

Tazama Kiswahili kinavyofanya. "Si lazima zioshwe" na "lazima zisioshwe" ni mbali kama Mwanza na Kigoma, na tunazitofautisha kwa kuhamisha tu pale tunapokanusha. Macho yako yakiona "must not" yanasoma "must" ni lazima, "not" ni si, kwa hiyo si lazima. Hapana. "Must not be washed" ni marufuku kuoshwa. Nilichokitaka mimi kilikuwa "do not have to be washed", au kwa ufupi "need not be washed". "Must not" iweke kwenye makatazo ya kweli. Sangara wa chini ya sentimita 50 hapaswi kuvuliwa, hiyo ndiyo "must not be caught", na hapo hakuna mjadala.

Mambo yaliyopita nayo yana utaratibu wake. Huwezi kuweka "must" kwenye wakati uliopita kwa kubadili "must" yenyewe. Unaingiza "have been" mahali pa "be". Ila angalia, maana inageuka. "The crates must have been washed" haisemi tena juu ya ulazima. Ni mtu anakisia: zimekauka, zinanukia dawa, bila shaka zilioshwa. Na "should have been washed" ni lawama. Hapa, kusema kweli, Kiingereza kimetuzidi. Sisi tukisema "zilipaswa kuoshwa" msikilizaji anasubiri, huenda zilioshwa, huenda hazikuoshwa. Wao wakisema hivyo umeshajua hazikuoshwa na kuna mtu atakatwa posho. Lile paa la kiwanda "should have been repaired" kabla ya masika. Hilo sikuliandika kwenye daftari, lakini nililisema moyoni.

Sasa na wewe usije ukadhani kwamba kila "w" yetu ina mwenzake kule. Sisi tunatendwa mambo mengi kuliko Waingereza. Nikiibiwa simu pale stendi nasema nimeibiwa. Ukiandika "I was stolen" umesema wewe mwenyewe ulibebwa ukaondoshwa. Andika "My phone was stolen". Kufiwa nako hakutokani na "die", huwezi kusema "I was died", lazima utafute njia nyingine ya kusema msiba wako. Lakini kunyeshewa wanako, "I was rained on", na wewe uliyepewa jina la mvua na bibi yako ulipaswa ulijue hilo kabla ya mengine yote.

Na ile "by" unayoiweka kila mahali kama chumvi. Weka pale tu mtendaji ana umuhimu. "The fish must be weighed by someone" haina faida, nani mwingine apime kama si mtu? Ukitaka kutaja kifaa tumia "with". Sisi tuna "na" kwa mtendaji na "kwa" kwa kifaa: sangara amekatwa na fundi kwa kisu, "by" kwa fundi, "with" kwa kisu. Najua mtaani tunasema "amekatwa na kisu". Kwenye mtihani usikipe kisu akili ya kibinadamu.

Niandikie sentensi sita za hapo bwenini kwenu, za kweli, si za kitabuni. Moja iwe ya marufuku, moja ya si lazima, na moja ya lawama. Ya lawama usinitaje mimi.

Bibi amekukaangia dagaa wa soko la Mwaloni, amechagua mwenyewe, hawana mchanga. Kopo nimelifunga kwa gundi ya karatasi na juu nimeandika: "This tin may be opened by Kabula only." Bibi akaniuliza nimeandika nini, nikamtafsiria. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na wenzake wanaolala naye?" Kwa hiyo ukiona "only" imefutwa kwa kalamu nyeusi, ni yeye.

Mama yako