Besti, usisome yote

Mambo vipi besti,

Meseji yako nimeiona, eti umekesha na lile faili la kurasa 60 unatafuta tarehe moja tu na bado hujaipata. Pole, ila nimecheka pia maana hata mimi nilikuwa hivyohivyo, nikipewa karatasi naanza na utangulizi neno kwa neno kama nina mtihani kesho, nikifika katikati nimeshasahau natafuta nini.

Siku hizi kabla sijafungua kitu najiuliza kwanza jibu lenyewe litakuwa na sura gani. Kama ni tarehe, macho yawinde tarakimu tu, mengine yote yapite. Jina la mtu au mahali, winda herufi kubwa katikati ya sentensi. Kitabu kikiwa na faharasa kule nyuma (ile orodha ya maneno na namba za kurasa zake) anzia huko, yaliyomo ya mbele yanakuonyesha sura tu ila faharasa inakufikisha mpaka ukurasa wenyewe, sijui kwa nini watu hawaigusi.

Sasa kwenye simu au kompyuta ndo kuna mtego. Watu wanaandika neno zima kwenye kile kisanduku cha kutafuta halafu wanaambiwa halipo. Kiswahili chetu kinabadilika mbele na nyuma bana, we ukiandika "kulipa" huwezi kuona "atalipwa" wala "malipo" wala "yamelipiwa", andika "lip" tu uone yanavyojaa. Kweli utaletewa na "alipofika" na "walipo" (hapo utanitukana kidogo) ila kuziruka hizo ni sekunde tu. Ikigoma badili neno, labda mwandishi kaandika "ada" au "gharama". Ikigoma kabisa, tafuta neno lolote unaloliona hapo mbele yako kwenye ukurasa, nalo likikosekana ujue huenda hilo faili ni picha tupu za kurasa, rudi kwa macho.

Na ukipata usikimbie. Mimi niliona "siku 30" kwenye mkataba nikafunga nikaenda kujibu watu kwa kujiamini, kumbe mstari wa chini yake umeanza na "isipokuwa", na huyo wa isipokuwa ndo mimi sasa. Nililipa. Kwa hiyo sentensi ya juu na ya chini yake zisome polepole kabisa, hata mara mbili.

Hebu lirudie hilo faili leo, andika mwaka tu kwanza, halafu niambie umetumia dakika ngapi. Nasubiri.

Ni mimi, besti wako