Ukinunua shamba lenye nyumba, kagua karo la choo

Mhariri,

Wanunuzi wa mashamba hukagua hati na mipaka, karo la choo wakalisahau. Muulize muuzaji lilijengwa lini, lilinyonywa lini mara ya mwisho, na lilihudumia watu wangapi. Nyumba iliyokaa tupu hudanganya: shimo huonekana zima kwa kuwa hakuna maji yanayoingia.

Fungua mfuniko, pima tope kwa mti mrefu. Likifika theluthi ya kina, linyonywe. Gari likishavuta, tazama bomba la kutokea. Maji yakirudi karoni, shimo la kunyonyea, lile linalopokea maji ya karo yapenye ardhini, limejaa au limeziba, na kunyonya karo tena hakutasaidia. Kisima kikiwa chini ya mita 30 kutoka shimo hilo, pima maji yake kwanza. Tafadhali, mtu asiingie karoni kamwe. Hewa yake huua.

Mafundi wa majitaka,
Morogoro