Mbona kukarabati kiti kimoja cha kale bei ya seti nzima ya sofa?

Hili swali tumelichoka jamani, na juzi kuna mteja kanuna kabisa anasema tumempiga, kwa hiyo ngoja tuliseme waziwazi. Kiti cha mikono cha Kifaransa cha enzi za Louis XV, mfalme wa Ufaransa wa karne ya 18, kile cha kuchongwa maua na kuvalishwa tapestri (kitambaa kizito kilichofumwa picha) ya mji wa Aubusson, hakishonwi kama kochi la sebuleni. Ndani kuna mikanda, juu yake gunia, halafu singa za farasi zilizoshindiliwa na kushonwa kwa mkono mpaka kingo zinakaa ngumu. Sponji hamna. Springi nazo zimeenea karne ya 19, kwa hiyo ukizikuta kwenye kiti ulichouziwa kama cha 1760 ujue kimeshafumuliwa au umepigwa, na aliyekupiga siye sisi.

Sasa huyo bwana. Alianzia kwa fundi wa bei poa, singa zote zikatupwa jalalani, ikawekwa sponji, kitambaa kikapigwa pini za stapla kwenye fremu ambayo misumari na wadudu walishaitoboa miaka na miaka, ubao ukapasuka kwa urefu wake. Mguu uliolegea wakaubandika kwa epoksi, gundi ya kisasa ya kemikali. Gundi ya zamani inayotokana na ngozi za wanyama ukiipa mvuke inaachia, hiyo epoksi ukilazimisha inaondoka na kipande cha mbao! Tapestri yenyewe ikaingia mashine ya kufulia, wekundu wa mawaridi ukachujia kwenye sehemu za rangi ya krimu, sufu ikanywea, hata fremu haiifikii tena. Tumeng'oa pini moja moja na koleo, tumeziba matundu, ndo tukaanza ile kazi aliyotuletea. Halafu anauliza mbona bili imepanda.

(Na ile rangi ya dhahabu ya kopo naomba muiache dukani, baada ya muda inageuka kahawia, na kuitoa juu ya dhahabu halisi iliyopakwa fremu ni kazi ya subira.)

Ukiwa na kiti kama hicho usikifungue wala usikifute kwa maji. Tutumie picha, hasa za chini na za ndani ya fremu, maana mafundi wa Paris wa wakati ule wengi waligonga mhuri wa jina huko. Bei kamili utaipata tukishafunua, na singa zako kama bado zipo tunazifua, tunazichambua, tunazirudisha zilezile, hatukuuzii mpya.