Malalamiko Kuhusu Stadi za Kifuniko cha Injini Zisizolingana na Agizo

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vipuri vya Ndege,
Nairobi.

KUH: STADI 40 ZA ROBO MZUNGUKO, AGIZO LA MWEZI MEI

Bwana Meneja,

Nalalamika rasmi kuhusu stadi, yaani vile vipini vifupi vya chuma vya kufungia, mlizoniuzia kwa ajili ya kifuniko cha injini ya ndege yangu, na kuhusu majibu niliyopewa na dawati lenu nilipopiga simu mara mbili.

Ndege ninayoiunda hapa Kajiado ni RV-7, ndege ndogo ambayo mtu hujiundia mwenyewe. Kwa mujibu wa michoro ya kiwanda, nusu mbili za kifuniko chake cha faibaglasi hushikwa kwa bawaba ndefu zenye waya unaopenyezwa ndani. Niliamua kuachana na bawaba hizo kwa sababu macho yake hukatika kwa mtetemo, na kwa sababu mtu anayetaka kuchungulia injini kabla ya kuruka hapaswi kushindana na waya wa urefu wa mkono. Stadi ya robo mzunguko hufunguliwa kwa bisibisi, nyuzi 90 tu, na kazi imekwisha.

Faibaglasi iliyotandazwa kwa mkono hailingani unene kila mahali, ndiyo maana nilipima unene wa kila tundu kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kabla ya kuagiza. Nikijumlisha na bati la aluminiamu lililobeba vipokeo, yaani vishikizo ambamo ncha za stadi hujifunga, nilipata milimita 3.2 ubavuni, 4.0 kwenye ukingo wa juu karibu na ukuta wa kuzuia moto, na 4.7 pale nusu mbili zinapolaliana. Niliagiza stadi 18, 12 na 10 kwa mfuatano huo. Kama mnavyojua, namba moja ya urefu wa stadi hizi hupishana na inayofuata kwa inchi 0.030, yaani milimita 0.76, ambao ndio unene wa kadi ya benki.

Mifuko mitatu ilifika ikiwa na lebo tatu tofauti, sawasawa na agizo. Stadi zilizokuwamo, hata hivyo, zilikuwa za urefu mmoja: zote 40 ni zile ndefu. Laiti zingekuwa fupi ningeligundua kosa siku hiyo hiyo, kwa kuwa stadi fupi haifiki kwenye kipokeo na haifungi kabisa. Stadi ndefu humdanganya fundi, kwani huzunguka, hutoa ule mlio wake wa "tak", kichwa kikakaa sawa na uso wa kifuniko, ilhali haijabana chochote. Niliona zinazunguka kwa wepesi nisioutarajia, nikawapigia, nikaambiwa kwamba springi za vipokeo zitajikaza zenyewe zikishazoea.

Nilichora mstari mwembamba wa rangi nyekundu kutoka kila kichwa hadi kwenye faibaglasi, nikaifunga ndege kwa kamba na kuwasha injini kwa dakika 15. Nilipoizima, mistari 11 ilikuwa imekatika na kupishana, yaani stadi hizo zilikuwa zimesogea, na chini ya ukingo wa ubavuni palikuwa na unga mweusi wa aluminiamu iliyosuguana, umeganda kama masizi ya kibatari. Hizo ni dakika 15 tu, tena ardhini. Angani hewa huingia kwa midomo miwili kando ya propela, hupita juu ya silinda, kisha hushuka katikati ya mapezi yake ya kupozea na kutokea chini, hivyo kanieneo la juu huwa kubwa kuliko la chini na nusu ya juu ya kifuniko husukumwa kwenda juu muda wote wa safari. Ukingo ukiinuka upepo ukapenya, sitaki kueleza kifuniko kinaweza kuangukia wapi.

Simu ya pili nilishauriwa niweke washa, yaani vipete bapa vya chuma, chini ya vichwa. Kwa heshima zote, ushauri huo hautoki kwa mtu aliyewahi kuishika stadi hii mkononi: kichwa chake ni bapa na huzama ndani ya kikombe chake, kwa hiyo washa haina pa kukaa.

Naomba mnibadilishie stadi 30 za zile namba mbili fupi zilizokosekana, zipimwe mbele ya mtu wenu kabla ya kufungwa, na gharama ya usafirishaji iwe juu yenu. Naomba pia mnirudishie bei ya vipokeo 11 ambavyo nimelazimika kung'oa ribiti zake kwa sababu vimelika. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Nimeambatanisha stadi tatu, moja kutoka kila mfuko, pamoja na lebo zake. Tafadhali ziwekeni sambamba juu ya meza, kisha mtafute kwenye daftari lenu ni nani mwingine aliyeuziwa kutoka shehena hiyo, mumpigie kabla hajaruka.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Kajiado.