Kinjeketile tumrudishie mzimu wake

Mhariri,

Mwandishi wenu wa Jumapili iliyopita alimwita Kinjeketile Ngwale "mganga aliyewadanganya watu." Nimefundisha historia sekondari miaka 31 hapa Rufiji, na neno hilo limeniuma kwa sababu najua lilikotoka. Watu wa Umatumbi walipong'oa pamba kule Nandete Julai 1905, na Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vikaanza, walikuwa wamechoshwa na shamba la lazima na viboko. Gavana wa Kijerumani, von Götzen, angekiri hayo, lawama zingemrudia mwenyewe. Katika kitabu chake cha 1909 akawabebesha waganga.

Lakini na sisi tulimvika Kinjeketile nguo ya kwetu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini wakusanye masimulizi ya wazee walioiona vita ile. Kazi kubwa, na bila hiyo tusingekuwa na kitu. Ila Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja tu, na kila msomi alikuwa anatafuta mizizi ya umoja wa taifa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alieleza vizuri habari za Hongo, mzimu uliomchukua Kinjeketile majini pale Ngarambe, akaibuka mkavu. Hata hivyo makala yake ya 1972 ilibeba neno "itikadi" kwenye kichwa, na hilo ndilo lililotufikia madarasani. Maji yakawa mbinu ya kuunganisha makabila, basi.

Nami nilikosea. Mwaka mmoja binti wa kidato cha tatu aliandika kwamba watu walikuwa wakienda kwenye mzimu wa Bokero, huko Kibesa, kuomba mvua na mavuno, tena kabla ya vita. Alisimuliwa na bibi yake. Nikapiga mstari mwekundu, nikampa sifuri, maana mwongozo wa kusahihisha ulitaka "iliwaunganisha wananchi." Akaja na daftari lake, akasimama mlangoni: "Mwalimu, kwa hiyo wazee wetu walikuwa hawaombi, wanapanga vita tu?" Nikamwambia arudi darasani.

Siku hizi nafikiria sana zile punje. Dawa ya Kinjeketile, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, ilikuwa maji yenye mbegu za nafaka ndani yake. Mbegu na risasi wapi na wapi? Mbegu ni ya shamba, ya mtu anayeogopa njaa na nguruwe wanaomaliza mahindi usiku. Mtu huyo alikuwa na dini kabla hajawa na adui.

Nawaomba wanaoandaa mtaala, na wasomi wa dini vyuoni, wayasome upya masimulizi ya 1968 wakiuliza watu wale walimwomba nani, kwa maneno gani, na walipeleka nini mzimuni. Wengi waliosimulia wameshatutoka.

Na yule binti, kama anasoma gazeti hili, ajue jibu lake lilikuwa sahihi.

Mwalimu mstaafu,
Utete, Rufiji