Madalali watatu, kamisheni ileile: nimkabidhi nani hisa zangu?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na nakuandikia kwa sababu kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitafuta dalali wa hisa wa kufanya naye kazi kwa njia ya mtandao, na kila ninapodhani nimepata jibu, hutokea jambo jingine linalonirudisha nyuma.

Benki ya CRDB ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja, nilinunua hisa 2,000, nikatunza stakabadhi kwenye kabati na kuendelea na maisha. Gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wenye hisa, limekuwa likiingia benki, nami sikuwa na haja ya kumjua dalali aliyenifungulia akaunti. Haja ilikuja mwaka juzi, binti yangu alipochaguliwa kujiunga na chuo nami nikaamua kuuza hisa 600 ili nimalizie ada. Nilituma fomu kwa barua pepe, nikapiga simu ambazo hazikupokelewa, na fedha zikaja baada ya wiki tatu, ilhali katika Soko la Hisa la Dar es Salaam malipo hukamilika siku tatu za kazi baada ya muamala kufanyika. Nilipouliza, niliambiwa kwamba oda yangu, yaani agizo langu la kuuza, ilichelewa kuingizwa sokoni. Nakiri kwamba sikuandika bei ya chini ambayo ningekubali kuuzia, kwa hiyo nilipokea bei iliyokuwepo siku hiyo. Lakini ada ilikuwa na tarehe ya mwisho, na ilinibidi nikope kwenye kikundi chetu cha VICOBA kwa riba wakati mali yangu mwenyewe imekaa mezani kwa mtu.

Sasa mkopo wa nyumba umeisha, na ninaweza kutenga shilingi 200,000 kila mwezi. Wenzangu kazini wanasema ninunue vipande vya UTT AMIS, kampuni ya umma inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na kuachana na usumbufu. Vipande ninavyo tayari katika Mfuko wake wa Umoja na ninaridhika navyo, ila nataka pia kumiliki hisa za kampuni ninazozichagua mwenyewe, nizikusanye polepole kwa miaka 15 iliyobaki kabla ya kustaafu.

Nimewapima madalali watatu, wote wakiwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Wa kwanza ni huyu wangu wa zamani. Wa pili ni kampuni iliyo chini ya benki, na ana mtu wa kupokea maswali katika tawi la hapa mjini. Wa tatu hana ofisi nje ya Dar es Salaam, lakini programu yake ya simu ni nzuri kuliko zote nilizoziona: unaingiza oda na bei yako, unaona imefika wapi, na hati ya muamala inakuja kwa barua pepe jioni ileile.

Nilianza, kama nadhani wengi wanavyoanza, kwa kuuliza nani ni nafuu. Wote watatu walinitajia kamisheni ya asilimia 1.7 kwa muamala usiozidi shilingi milioni 10, na tozo za Soko, za Mamlaka, za hifadhi ya hisa na za mfuko wa fidia, ambazo kwa pamoja ni asilimia 0.36, hazibadiliki kwa kubadili dalali. Nikakaribia kuhitimisha kwamba gharama si hoja, hadi nilipouliza kama kuna kiwango cha chini. Huyu wa programu nzuri hutoza angalau shilingi 10,000 kwa kila muamala. Kwa mtu wa milioni 5 hilo halina uzito, lakini kwa shilingi 200,000 zangu kamisheni inayopaswa kuwa shilingi 3,400 inageuka kuwa asilimia 5 nzima, na kwa mwaka ningelipa shilingi 120,000 badala ya 40,800. Nikinunua kila baada ya miezi mitatu kwa shilingi 600,000, tofauti hiyo inatoweka, kwa kuwa asilimia 1.7 yake ni shilingi 10,200. Kwa hiyo nimefikiria kuziweka fedha za kila mwezi katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS na kuzitoa mara nne kwa mwaka, ingawa sijui kama kwa kufanya hivyo ninajitafutia kazi nyingi kwa ajili ya programu tu.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni usalama. Ninaelewa kwamba hisa zangu zimeandikwa kwa jina langu katika hifadhi kuu ya hisa, yaani daftari la pamoja la wamiliki, na wala si mali ya dalali. Hata hivyo, fedha ninazomtumia kabla hajanunua, na zile za mauzo kabla hajanilipa, zinapita mikononi mwake, na jirani zetu wa Kenya walishuhudia kampuni za Francis Thuo & Partners mwaka 2007 na Nyaga Stockbrokers mwaka 2008 zikianguka na kuacha wateja wakidai. Mfuko wa fidia wa huko wakati huo ulilipa hadi shilingi za Kenya 50,000 tu kwa mwekezaji. Ndiyo maana ile kampuni ya benki inanivutia, japo oda zake bado zinapitia fomu ya karatasi inayopigwa picha na kutumwa, na hilo linanikumbusha zile wiki tatu. Nilidhani programu ya Soko lenyewe, Hisa Kiganjani, ingenitoa katika mtanziko huu, lakini huko pia natakiwa kuchagua dalali, kwa hiyo swali limebaki palepale.

Mpwa wangu ananihimiza niachane na wote hawa na kutumia programu moja ya nje ambayo mwakilishi wake anaahidi faida kila wiki. Jina la kampuni hiyo halimo katika orodha ya Mamlaka, nami nimemkataza yeye pia asiweke hata shilingi.

Naomba unisaidie katika mambo haya. Kwa mnunuzi mdogo anayekusudia kushika hisa kwa muda mrefu na kuuza mara chache sana, je, ubora wa programu unastahili kupewa uzito kuliko kuwa na benki nyuma ya dalali? Nimwulize dalali swali gani, au nimwombe hati gani, ili nijue kama fedha za wateja anazitenga na fedha za kampuni yake? Na zile hisa 1,400 zilizobaki kwa dalali wa zamani, nizihamishie kwa mpya mara moja, au nijaribu kwanza huduma za huyo mpya kwa ununuzi mmoja au miwili na kumpa oda ndogo ya kuuza, nione fedha zinarudi baada ya siku ngapi? Gawio lijalo ningependa likute nimekwisha kuamua.

Wako katika kujenga uchumi,
Muuguzi, Tanga